Sura ya Nne: Sauti Ndani ya Zebaki

Kati ya Kilindoni, kisiwani Mafia, na Kisiwa cha Bwejuu kuna maji yanayopendwa na potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote duniani. Kuanzia Oktoba hadi Februari huja juu kufuata uduvi, na wavuvi wa dagaa huwakuta jirani kabisa na nyavu zao. Msimu ukigeuka, hawaonekani tena. Ilichukuliwa kwamba wamehama, kwa sababu inajulikana kuwa potwe anaweza kusafiri maelfu ya kilomita. Watafiti wakaja Mafia, wakawafunga baadhi ya papa hao vifaa vidogo vinavyotoa mlio, wakatega vipokezi chini ya bahari. Kwa muda wa miaka miwili vipokezi vilisikiliza huku watu wakiendelea kuhesabu papa kwa macho juu ya maji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Macho yalisema potwe wameondoka. Vipokezi vilisema wapo mwaka mzima. Walikuwa wamesogea mbali na ufuko na kushuka kwenye kina, basi.

Habari hii ya papa inatosha yenyewe kuandikiwa kitabu, lakini mimi nakitaka kile kipokezi. Mawimbi ya redio hayafiki mbali katika maji ya chumvi, hivyo anayetaka habari za chini ya bahari hana budi kutumia sauti. Sauti hupita baharini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde. Mlio unatoka kwenye mwili wa papa, unapita, na usiposhikwa umepotea moja kwa moja. Kipokezi kinaushika, kinatambua ni papa namba ngapi, kisha kinaandika namba hiyo pamoja na tarehe na saa. Miezi baadaye mzamiaji anakitoa, na yaliyopita yanasomeka.

Sauti ndani ya kimiminika, na kitu cha kuizuia isipotee: hivyo ndivyo ilivyoanza kumbukumbu ya kompyuta za kwanza. Wahandisi walipotafuta mahali pa kuweka namba ili mashine izikute tena baada ya kitambo kidogo, walijaza zebaki kwenye mabomba ya chuma, wakapiga kelele ndani yake.

Tuanzie Philadelphia, Marekani, mwaka 1945. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania kulikuwa na ENIAC, mashine yenye valvu za kioo zipatazo 17,500, iliyojaza ukumbi mzima. Kwa kujumlisha na kuzidisha ilikuwa na kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Lakini ndani ya valvu zake iliweza kushika namba 20 tu kwa wakati mmoja, zenye tarakimu kumi kila moja. Na maagizo ya kazi hayakukaa ndani ya mashine kabisa. Kila hesabu mpya ilidai watu wachomoe nyaya, wazichomeke upya na kugeuza swichi, kazi iliyoweza kuchukua siku kadhaa. Mashine ilikuwa na mikono mepesi na haikuwa na pa kuweka kitu. Wabunifu wake, J. Presper Eckert na John Mauchly, waliujua upungufu huo hata kabla ENIAC haijakamilika. Walitaka mashine itakayobeba namba na maagizo pamoja, mahali pamoja. Wazo lilikuwapo tayari. Kilichokosekana ni chombo.

Chombo kilitoka kwenye rada. Wakati wa vita, rada ya ardhini ilisumbuliwa na mwangwi wa vitu visivyotembea, kama vilima na majengo, ambavyo viliificha ndege kwenye kioo. Dawa yake ilikuwa kuuchelewesha mwangwi mmoja mpaka unaofuata ufike, kisha kutoa mmoja kwenye mwingine. Kilima hakijasogea, kwa hiyo kinajifuta. Ndege imesogea, kwa hiyo inabaki. Umeme una mbio mno kuweza kucheleweshwa kwa urahisi, lakini ukigeuzwa sauti unatulia. Ndipo lilipoundwa bomba la kimiminika lenye kipande cha fuwele ya kwatzi kila mwisho. Fuwele ya kwanza hupokea pigo la umeme na kutetemeka. Mtetemo unasafiri ndani ya kimiminika. Fuwele ya pili inaupokea na kuurudisha kuwa umeme.

Eckert alikuwa amefanya kazi na mabomba hayo. Alichoongeza kinaonekana chepesi leo, lakini ni miongoni mwa mawazo mazuri kuliko yote ya uhandisi wa karne ile: chukua pigo linalotoka mwisho wa bomba, lisafishe, lirudishe mwanzoni. Litazunguka maadamu umeme upo. Mlolongo wa mapigo na vituo, pigo likiwa moja na kituo kikiwa sifuri, unaweza kuzunguka namna hiyo mchana kutwa. Namba haijalala popote. Iko safarini muda wote, nayo haipotei kwa sababu haifiki mwisho wa safari.

Waliotangulia kuifanyisha kazi kompyuta kamili kwa njia hiyo walikuwa Waingereza wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na Maurice Wilkes. Mashine yao, EDSAC, ilitoa hesabu zake za kwanza tarehe 6 Mei 1949. Mabomba yake yalikuwa na urefu wa takriban mita moja na nusu, na sauti ilihitaji muda unaozidi kidogo sehemu moja ya elfu ya sekunde kulimaliza bomba. Katika muda huo yaliingia mapigo 576 yakifuatana. Ukiwa na mabomba 32 unapata biti, yaani hizo moja na sifuri, zisizofika 20,000, kwa uzito wa zebaki ambao haupendezi kuubeba wala kuuvuta puani.

Kwa nini zebaki, kimiminika ghali chenye sumu? Kwa sababu mtetemo unavuka vizuri kutoka kwenye kwatzi kuingia ndani yake bila kurudi nyuma kwa wingi. Alan Turing alipendekeza jini, ndiyo, ile pombe, na hakuwa akitania: mchanganyiko wa kileo na maji unaweza kupimwa hivi kwamba kasi ya sauti ndani yake haibadiliki sana joto linapopanda au kushuka. Kwenye zebaki hilo lilikuwa tatizo kubwa. Bomba likipata joto, sauti inabadili mwendo, mapigo yanafika nje ya saa yake, na mashine inasoma upuuzi. Ilibidi mabomba yatunzwe katika joto lisiloyumba.

Kasoro ya pili haikuwa na dawa. Namba unayoitaka ikiwa imekwisha kupita mdomo wa bomba, subiri izunguke. Sehemu ya elfu ya sekunde ni kidogo kwetu, lakini kwa mashine ile ulikuwa muda mrefu wa kukaa bure.

Huko Manchester, Freddie Williams na Tom Kilburn walishika njia nyingine. Walichukua kioo cha aina iliyotumika kwenye rada, ambayo baadaye ikawa ya televisheni, wakagundua kuwa mshale wa elektroni ukigonga uso wake huacha doa la chaji. Doa lenye umbo hili liwe sifuri, lenye umbo lile liwe moja. Mshale waweza kuelekezwa kwenye doa lolote papo hapo, hakuna kusubiri zamu. Shida ni kwamba chaji huvuja. Baada ya kitambo kidogo sana doa limefifia. Jibu lao lilikuwa kulisoma kila doa kabla halijafifia na kuliandika upya, bila kupumzika, muda wote mashine inapofanya kazi. Tarehe 21 Juni 1948, karibu mwaka mzima kabla ya EDSAC, mashine yao ndogo ya majaribio ilitekeleza programu ya kwanza duniani iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu ya umeme. Ilitafuta kigawanyo kikubwa kuliko vyote cha 262,144, ukiiacha namba yenyewe, na kukipata baada ya dakika 52. Kumbukumbu yake yote ilikuwa biti 1,024, mistari 32 ya madoa 32, na mtu aliweza kuiona kwa macho kwenye kioo pacha kilichowekwa pembeni.

Namna zote mbili, ya sauti na ya madoa, hufa umeme ukikatika. Zote mbili pia ni za kubembelezwa. Kompyuta haingeweza kutoka maabara na kufika ofisini ikiwa imebeba kitu cha namna hiyo. Kilichoitoa ni kipete.

Chukua udongo wa feraiti, yaani oksidi ya chuma iliyochanganywa na madini mengine, uuchome uwe kipete kigumu kidogo kama chembe ya mtama au kidogo zaidi. Kipete hicho ni sumaku inayoweza kuzunguka upande mmoja au upande wa pili. Upitishe waya katikati yake, tuma umeme wa kutosha, nacho kitageuka. Zima umeme, nacho kitabaki hivyo kwa miaka. An Wang, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, aliomba hataza mwaka 1949 kwa njia ya kutumia sumaku hizo, zikiwa zimefungamana kwenye mlolongo. Jay Forrester wa MIT akazipanga katika safu na mistari, nyaya zikipita wima na mlalo. Umeme wa nusu nguvu kwenye waya mmoja haugeuzi kitu. Nusu nyingine ipite kwenye waya unaokatiza, na kipete kilichopo kwenye makutano pekee ndicho kinachopata nguvu kamili. Kwa hiyo nyaya 32 za huku na 32 za kule zinatosha kukichagua kimoja kati ya vipete 1,024. Mwaka 1953 kompyuta ya Whirlwind iliyokuwa MIT ilivuliwa vioo vyake vya chaji vilivyokuwa vikiharibika mara kwa mara na kuvishwa vipete, nayo ikaongeza kasi na kuacha kuugua. IBM ilimlipa Wang dola 500,000 kwa hataza yake, na mwaka 1964 ikailipa MIT dola milioni 13.

Lakini nani aliyevitunga vipete hivyo? Hapa ndipo vitabu vingi vya historia ya kompyuta hupita haraka, nami sitaki kupita haraka. Kazi ya kuingiza nyaya nyembamba kama unywele kwenye matundu ya vipete, wima, mlalo, kisha waya wa tatu wa kusomea kwa mshazari, ilifanywa na wanawake wakiinamia hadubini, wakishika sindano, viwandani Marekani na baadaye Hong Kong na Taiwan. Msukaji wa mikeka wa Mafia angeielewa kazi ile kwa kuitazama mara moja, pamoja na adhabu yake: ukikosea mshono mmoja mwanzoni, kosa linakungoja mwishoni. Kompyuta iliyowaongoza wanaanga wa Apollo hadi mwezini ilikuwa na maneno 36,864 ya maagizo ya kudumu, yote yakiwa yameshonwa kwa mkono na wanawake wa kiwanda cha Raytheon mjini Waltham. Waya uliopita ndani ya kipete ulikuwa moja, uliopita nje yake ulikuwa sifuri. Programu ilishonwa, nayo isingeweza kufutika. Majina ya Wang na Forrester yako kwenye hataza. Ya washonaji hayako, na kwangu hilo ni pengo katika historia yenyewe, sawa na kuandika habari za jahazi bila kumtaja fundi.

Pwani yetu iliguswa na zama hizo mapema. Tunguu, Unguja, Wamarekani walijenga kituo cha kufuatilia vyombo vya angani vya mradi wao wa Mercury. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, sauti yake na vipimo vya mwili wake vilipokelewa pale alipokuwa akipita juu ya Bahari ya Hindi. Chombo chake hakikuwa na kompyuta. Kituo cha Tunguu hakikuwa na rada ya kupimia njia. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, kusoma mapigo ya moyo na hali ya mitambo, kuzungumza na rubani, kisha kutuma muhtasari kwa mashine ya maandishi. Hesabu za njia zilifanyika Maryland, katika Kituo cha Goddard, kwa kompyuta mbili za IBM 7090, kila moja ikiwa na vipete vya kutosha maneno 32,768 ya biti 36. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya vipete milioni moja katika kila mashine. Kituo cha Tunguu kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Mwaka uliofuata, 1965, kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Dar es Salaam, kwenye Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, ikiwa na nembo ya kampuni ya Kiingereza, ingawa asili yake ni mashine ya Kimarekani, RCA 301. Kumbukumbu yake ilikuwa ya vipete. Aina hiyo iliuzwa kwa ukubwa wa herufi 10,000, 20,000 au 40,000, na kila herufi ilikuwa na biti sita, maana yake herufi kubwa tu, tarakimu na alama chache. Ili uone ukubwa wa jambo lenyewe: sura hii unayoisoma isingeenea kwenye ile ya herufi 10,000. Ile kubwa kuliko zote ingebeba sura kama hii mbili na nusu au tatu hivi, na pasingebaki nafasi ya programu ya kuzisoma.

Mtu wa leo atauliza hesabu za serikali nzima zilienea vipi humo. Hazikuenea, wala hazikutakiwa kuenea. Kumbukumbu ya vipete ilikuwa meza ya kazi. Programu ilipakiwa, rekodi ya mtu mmoja au fungu moja ikaletwa kutoka kwenye kadi iliyotobolewa au tepu, ikahesabiwa, ikatolewa, ikaletwa nyingine. Waandishi wa programu wa zama hizo walijua kila herufi ilipokaa. Walitumia sehemu ileile mara mbili na tatu, wakafuta jina la mwezi uliopita ili kupata nafasi ya kiasi cha mwezi huu. Ubahili huo ulikuwa ustadi wa hali ya juu, na mafundi walioupata walikuwa wachache sana nchini.

Upungufu wa mafundi ndio ulioleta balaa. Serikali ilihamia kwenye mashine za ICL 1900, hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali. Ni rahisi kuicheka amri hiyo leo, lakini siichekei. Nchi changa iliona fedha za kigeni zikienda kwenye mitambo ambayo matunda yake hayakuonekana, ikafunga mlango. Linaloniuma ni wakati wenyewe. Vipete vilikuwa kumbukumbu ya mwisho ambayo fundi aliweza kuiona, kuigusa na kuifuata waya kwa waya akitafuta kosa. Miaka ile ambayo vijana wa Dar es Salaam wangeweza kujifunza kumbukumbu ni nini kwa kuifungua, marufuku iliwazuilia. Marufuku ilipokuja kulegezwa, kumbukumbu ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya silikoni, mahali ambapo jicho halifiki.

Mabadiliko hayo yalikuwa yameanza kabla ya 1974. Robert Dennard wa IBM alipata hataza mwaka 1968 kwa seli yenye transista moja na ghala dogo la chaji. Mwaka 1970 Intel ikatoa sokoni chipu yake ya 1103, nayo ilibeba biti 1,024, sawasawa na mashine ya majaribio ya Manchester. Vipete vilivyokuwa vimegharimu karibu dola moja kwa biti mwanzoni mwa miaka ya 1950 vilikuwa vimeshuka hadi karibu senti moja, na bado silikoni ikavishinda kwa bei. Mashine mpya zikaacha kushonwa.

Tulichopoteza katika biashara hiyo ni udumu. Kipete kilikumbuka umeme ukiwa umezimwa. Seli ya Dennard inasahau. Ghala lake la chaji linavuja kama doa la Williams na Kilburn lilivyovuja, na dawa ni ileile waliyoipata: soma kabla halijafifia, andika upya, usipumzike. Simu ya bei ya chini inayouzwa leo Kilindoni ina mabilioni ya seli hizo. Kanuni ya kawaida ya chipu za namna hiyo ni kila seli iwe imesomwa na kuandikwa upya angalau mara moja katika kila sehemu 64 za elfu za sekunde. Ni zaidi ya mara kumi na tano kwa sekunde, muda wote simu ikiwa imewashwa, hata ikiwa imelala mfukoni mwa mvuvi anayevuta nyavu. Na ndiyo sababu mojawapo ya betri kuisha wakati mwenyewe hajaigusa.